Kikoa cha Mto

Mwalimu Piroska alisema: leteni grafu yoyote ya nyumbani,
za kitabuni zimeshatafunwa.
Wenzake wakaleta bili za umeme.
Emőke akashusha kutoka darini
karatasi ya babu yake Dezső, ya mwaka ambao yeye hajazaliwa,
ndefu kama taulo, imekunjwa mara nne,
wino wake wa zambarau umeshageuka kahawia.

Babu alikuwa mpima maji wa Tisza.
Katika kibanda cha bati pale ukingoni
boya lilipanda na kushuka, kalamu ikapanda na kushuka nalo,
na pipa dogo la saa likazunguka taratibu,
likila wiki moja kila lilipotiwa ufunguo.

"Msiangalie kimo," mwalimu aliwaambia.
"Kimo kina swali lake na siku yake ya kuulizwa.
Leo tazameni chini tu.
Chukua kila nukta ya mchirizi,
iangushe wima hadi kwenye mhimili wa mlalo,
kama matone ya nguo iliyoanikwa.
Palipolowa ndipo kikoa.
Palipo pakavu, usipaulize: hapana jibu."

Emőke akasimamisha rula, akaisukuma kutoka kushoto.
Jumatatu, saa moja asubuhi: nukta nzito, imejaa. Imo.
Jumanne imo,
hata pale mchirizi uliporuka juu usiku, mvua za milimani zilipofika;
rula haikujali, gharika au utulivu,
ilimradi iguse wino.
Jumatano imo.
Alhamisi, saa kumi alasiri, doa kama dengu,
kisha karatasi tupu.

Rula ikapita Ijumaa bila kugusa kitu.
Ikapita Jumamosi.

"Babu, mto ulikauka?"
Babu alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.
"Mto ulipita wote, mchana na usiku,
pengine juu kuliko siku zote.
Saa ndiyo iliyosimama.
Nilikuwa hospitali, Nyíregyháza, na bibi yako.
Jumapili nikarudi peke yangu."
Kiazi kikatumbukia majini.

Kikoa. Katika lugha ninayoandika,
neno hili lilikuwa la chakula kabla ya kuwa la hesabu:
watu hula kikoa, leo kwako, kesho kwangu,
kila mmoja na zamu yake ya kupakua.
Siku iliyoleta kitu imo.
Isiyoleta kitu hakuna aliyeifukuza,
haikufika mezani tu,
na wala hatuwezi kusema ilikuwa sifuri.
Sifuri ni jibu. Sifuri ni mto uliopimwa ukakutwa mtupu.

Jumapili ndiyo iliyomsumbua Emőke.
Mchirizi ulianza tena saa sita mchana,
lakini mwanzo wake ulikuwa mkwaruzo usio na rangi,
chuma kikikuna karatasi,
unene wa unywele kabla ya wino kushika.
"Duara la hapa nilijaze au nililiache wazi?"

Babu akafuta mikono, akavaa miwani,
akaipeleka karatasi dirishani.
Akakaa nayo muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.
"Nilitia ufunguo saa sita kamili.
Kalamu ilikuwa imekauka.
Saa sita yenyewe sikuiona.
Baada yake, naam. Baada yake tu,
hata kama ni kufumba na kufumbua."

Akaliacha wazi. Akaandika:
bano la mraba, Jumatatu saa moja,
hadi Alhamisi saa kumi, bano la mraba;
muungano;
bano la mviringo, Jumapili saa sita,
hadi Jumatatu saa moja, karatasi ilipokwisha,
bano la mraba.

Mwalimu Piroska alilizungushia penseli lile bano la mviringo.
"Una hakika?"
Emőke akasema anaye shahidi.

Akapewa nne kati ya tano.
Hakuandika mwaka.